Mitungi Iliyopasuka Kiunoni

Vijana wangu, mlipokuja kwangu wiki iliyopita kutaka kujifunza ufinyanzi, mliniuliza swali lile lile mara tatu: "Bibi, kipaji cha ufinyanzi ulikipata wapi?" Niliwatazama mikono nikacheka, nanyi mkadhani sikusikia. Nilisikia. Nilicheka kwa sababu mikono yenu ilikuwa safi mno, na swali la kipaji huulizwa na watu ambao bado hawajachafuka. Msikasirike. Uzee umenipa ruhusa ya kusema ninachokiona, na ruhusa hiyo naitumia kila siku.

Sasa nimekaa na daftari la mjukuu wangu nawaandikia jibu. Mimi sikuzaliwa na kipaji, nilizaliwa na ubishi. Kufinyanga nilifundishwa, na aliyenifundisha alinitwangisha udongo tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa kabla hajaniruhusu kufinyanga hata kibakuli cha chumvi.

Huyo ni Bibi Zaina. Niliolewa hapa juu ya Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, si ile ya pwani, mwaka ule wa Uhuru, nikitokea upande wa pili wa milima, na sikumjua mtu isipokuwa mume wangu Daudi, ambaye naye nilikuwa sijamjua vizuri. Bibi Zaina alikuwa jirani yetu, mjane, Mwislamu wa swala tano. Sisi tulikuwa Walutheri, na Daudi aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa. Ufinyanzi kwetu binti huurithi kwa mama yake. Bibi Zaina hakujaliwa binti, na mama yangu mimi hakuwahi kushika udongo ila wa kukandika ukuta. Nikajiambia, huyu ana kazi hana mrithi, mimi nina mikono sina kazi. Nikaenda kwake asubuhi moja, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Unajua kunyamaza?" akaniuliza.

"Ninajua, bibi."

"Uongo wa kwanza huo," akasema. "Haya, shika mchi."

Ndivyo nilivyoanza. Na kwa kuwa ninyi mnapenda kuandika kila kitu, andikeni na haya. Udongo hauchaguliwi kwa macho. Chukua kidogo, utafune kwa meno ya mbele. Ukisikia chenga, urudishe kwenye chekeche. Udongo mtupu haufai, hupasuka. Uchanganye na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa mpaka vikawa unga. Bibi Zaina hakutupa kigae hata siku moja. Alisema chungu kilichokufa ndicho kinachomshika mkono chungu kinachozaliwa. Kwa kukausha, msitegemee jua la hapa, kwa maana ukungu wetu hauna ratiba. Weka chungu jikoni, kipate joto la mbali, na kabla ya kukichoma kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi shavuni, ndani bado kuna maji. Ngoja. Mimi nimeona watu wakikwepa kungoja kwa njia nyingi za werevu, na wote nimewaona wakiokota vigae.

Ijumaa Bibi Zaina hakuchoma, na Jumapili sikuchoma mimi. Wengine walituonea huruma kwamba tunapoteza siku mbili kila wiki. Hatukupoteza kitu. Vyungu vyetu vilikauka siku mbili zaidi kuliko vya watu, na sifa tulizozipata sokoni nadhani nusu yake ilitoka kwenye msikiti na kanisa. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana mimi kwa hiari yangu nisingengoja.

Chungu changu cha kwanza kiliinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno mlangoni. Nilitaka kukivunja. Bibi Zaina alininyang'anya, akakichoma pamoja na vyake, akakiweka uani, kuku wakawa wanakunywa maji humo. Wamekunywa miaka na miaka. Kila nilipoingia kwake nilikiona, na kila nilipokiona aliniambia, "Wateja wako hawajambo." Nilikasirika mwanzoni. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenifundisha kutoogopa kitu kibaya nilichokifanya kwa mkono wangu. Mkitaka kubuni, hilo ndilo la kwanza. Mtu anayeona aibu ya chungu kilichopinda hatafika kwenye chungu kizuri, kwa sababu ataishia kufinyanga vile tu alivyokwisha kuvizoea.

Na tamaa je? Tamaa nayo niliikuta katika kazi hii. Zamani tulishuka na vyungu vyetu mpaka Mnazi, huko nyikani kwenye joto, kubadilishana na mahindi. Bei ilikuwa haina ubishi: chungu unakiacha, unaondoka na mahindi yanayokijaza. Basi mimi, akili nyingi, nikafinyanga chungu chenye tumbo kubwa sana, nikaona nitarudi na mahindi ya kula mwezi. Wanawake wa Mnazi walikizunguka, wakakigonga kwa kifundo cha kidole, wakakisifu sana, kisha wakachukua vidogo vya wenzangu. Mmoja akaniambia, "Dada, hiki ukikileta na mpishi wake nitakichukua." Nikapanda nacho mlima, tangu asubuhi mpaka jua linazama, tamaa yangu iko kichwani na wenzangu wanaimba mbele yangu. Daudi alipokiona hakuuliza kitu. Alikitia maharage ya mbegu.

Huyo Daudi ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake, na nimekuwa nikimzunguka kama wale wa Mnazi na chungu changu. Habari yake ni habari ya kosa langu kubwa. Sijawahi kuiandika.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Yonathani, mtu mwadilifu na mwenye haraka. Kijiji kilitakiwa kiwe na shamba la mboga la pamoja, na kabichi inataka maji. Maji yalikuwa bondeni, chini ya shule, pale pale tunapochimba udongo. Mzee Yonathani akaitisha mkutano, akasema bonde lile litalimwa kabichi. Wanawake tulipiga kelele. Hapakuwa na udongo mwingine wa kufinyanga karibu. Uliofuata ulikuwa mwendo wa nusu siku kwenda tu, na Bibi Zaina miguu yake ilikuwa imekwisha choka. Bonde likienda, ufinyanzi wetu umekwenda.

Mzee Yonathani alitusikiliza, kisha akasema, "Akina mama, sina ugomvi na vyungu. Lakini ardhi ni ya kijiji, lazima ikifae kijiji. Watoto wa shule wanakunywa maji mtoni kwa viganja. Nifinyangieni mitungi kumi na miwili ya shule, isivuje, kabla ya mvua za vuli. Mkiweza, bonde ni lenu na tutalima kabichi mahali pengine. Mkishindwa, msinilaumu."

Tukakubali. Wakanichagua mimi kuwa kiongozi wa kikundi kwa sababu nilikuwa na darasa la nne, na kwa sababu nilikuwa ninasema kuliko wote.

Sasa, mwezi uliotangulia nilikuwa nimepelekwa semina ya akina mama Lushoto mjini. Huko tulielezwa habari za kiwanda: huyu anakata, yule anashona, mwingine anaweka vifungo, na nguo zinatoka nyingi na zote zinafanana. Nilirudi nimelewa maneno hayo. Nikawaambia wenzangu, umoja ni nguvu, kwa nini kila mmoja ahangaike na mtungi wake peke yake kama tuko zama za ukoloni? Tugawane mtungi. Nikaunda kikundi cha matako, kikundi cha mabega na kikundi cha midomo. Wasiojua kufinyanga wangejifunza sehemu moja tu, na mambo yangekwenda upesi. Msicheke. Kila mtu alipenda. Ila ikawa ukipita njiani unasikia mwanamke anamuuliza mwenzake kwa sauti, "Wewe wamekuweka matakoni au midomoni?" na wanaume waliokuwa wakilima wanasimamisha majembe.

Bibi Zaina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nyumba mnajenga watu wangapi?"

"Wengi, bibi."

"Na mtoto mnamzaa wangapi?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikamjibu, tena mbele za watu, "Bibi, mambo yamebadilika." Alijikusanya akaenda kukaa na watwangaji, akashika mchi kama mwanafunzi. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake umeinama pale kwenye kinu, naona haya.

Ilikuwa kipupwe, ukungu umelala mpaka saa sita. Kikundi cha matako kilimaliza Jumatatu. Kikundi cha mabega kilikuwa na zamu ya palizi kwenye shamba la kijiji, kikaja Alhamisi. Matako yalikuwa yamekwisha kuwa magumu, mabega ni mabichi yanatiririka. Mtoto yeyote aliyekulia kwa mfinyanzi anajua kwamba ukavu na ubichi haviungani. Kila kimoja kitasinyaa kwa wakati wake na kumwacha mwenzake. Nami nilijua. Lakini mtu akishapenda wazo lake huwa hataki kusikia anachokijua. Nikasema, "Pakeni maji ukingoni mwa tako, mbandike." Wakapaka, wakabandika, wakalainisha kwa gunzi la hindi, kiungo kikafichika kabisa. Mitungi kumi na miwili ikasimama mstari mmoja, yote sawasawa. Nilipita katikati yake kama mkaguzi wa shule.

Siku ya kuchoma, kuni za wanawake zilikuwa zimelowa ukungu. Sisi nyumbani tulikuwa na kuni kavu darini. Nikamwambia Daudi azibebe azilete mahali pa kuchomea, mapema, kabla wenzangu hawajafika. Mjue kwamba kwetu mwanamume hafiki mahali wanawake wanapochoma vyungu. Ni mwiko, nao ni wa zamani kuliko dini zetu zote mbili. Daudi aliujua kama nilivyoujua mimi.

"Mama Ruthi," aliniuliza, "una hakika?"

"Shusha upesi urudi," nikamwambia. "Nani atakuona?"

Tukachoma mchana. Tuliipindua mitungi kifudifudi, kuni chini, magome na nyasi juu. Moto uliposhika tu nikasikia, pa! Pa! tena. Pa! Mpaka niliacha kuhesabu. Tulipovuta majivu, mitungi yote ilikuwa imepasuka mahali pale pale, kiunoni, duara zima, kama vile mtu kaizungushia kisu.

Kelele zikaanza. Mabega wakawalaumu matako, matako wakawalaumu mabega, midomo wakasema wao walifanya kazi yao vizuri na kila mtu aliona. Nimeishi sana, na nimeona kwamba watu waliogawana kazi wakishindwa hugawana na lawama, ila fungu la lawama kila mmoja humwachia mwenzake lote. Ndipo mmoja akainua kipande cha ukuni.

"Kuni hizi si zetu," akasema. "Hizi ni kavu. Nani kazileta?"

Nikainama nikaendelea kuvuta majivu.

"Mimi nilimwona baba Ruthi akitokea huku asubuhi," akasema mwingine.

Wakapata walichokuwa wanakitafuta, mtu wa kulaumiwa ambaye si mmoja wao. Wakatuma aitwe. Daudi alikuja, akasimama mbali, juu ya njia, akavua kofia.

"Ni kweli ulifika hapa, baba?"

"Nilifika."

"Alikutuma nani?"

Daudi akanitazama. Mimi nikatazama majivu.

"Nilijituma mwenyewe," akasema. "Niliona kuni zenu zimelowa. Mnisamehe, mama zangu."

Wakamtoza mbuzi wa kusafisha mahali pale. Tulikuwa na mbuzi mmoja tu. Akakubali, akaenda kumleta siku ile ile akamfunga kwa mmoja wao. Na Bibi Zaina, wakati watu wanapiga kelele, alikuwa ameokota kipande cha mtungi. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake uliopasuka, polepole, akanitazama, akakiweka chini mbele ya miguu yangu.

Nikakiokota, nikapitisha kidole changu. Na hili mliandike: chungu kilichoshindwa na moto ukingo wake huwa na meno. Kilichoachia kwenye kiungo ukingo wake huwa laini. Ule ulikuwa laini kama ukingo wa sahani. Kwa hiyo nilijua, na Bibi Zaina alijua, na nadhani alijua kwamba nimejua.

Habari za mbuzi wa tambiko zilifika kanisani. Wazee wa kanisa wakamwambia Daudi apumzike kwaya kwanza mpaka jambo hilo litazamwe. Jumapili alikaa benchi la nyuma, mikono magotini, kwaya ikaimba bila yeye. Nyumbani alikula kama kawaida, akauliza habari za maharage, akachonga mpini wa jembe. Hakunigusia jambo lile hata kwa jicho. Angenigombeza ningepona. Nilikuwa nikimeza ugali kama ninameza udongo wenye chenga, na bado sikusema. Nilijiambia nikisema, nitaondolewa uongozi, wanawake watanicheka mpaka Mlalo, na bonde litachukuliwa kwa sababu yangu. Na mwiko je, si kisingizio kizuri? Mwiko haumwaibishi mtu mwenye darasa la nne.

Jumanne Mzee Yonathani akaitisha mkutano chini ya ukuta wa shule. Alikuja na daftari lake.

"Ndugu zangu," akasema, "nimeambiwa mitungi imepasuka kwa sababu kapita mwanamume. Mimi siwezi kuandika mwiko kwenye taarifa ya kijiji. Tena nafikiri hivi: kama udongo ule unaharibika kwa kupitiwa na mtu, basi hautufai, kwa maana watu watapita tu. Kabichi haijali kapita nani." Watu wakacheka. "Wanaokubali bonde lilimwe kabichi, wajiandae kunyoosha mikono."

Niliwaona wanaume wakianza kunyanyua viwiko. Niliwaona wenzangu wameinamisha vichwa, maana wao wenyewe ndio waliosema ni mwiko, na sasa wanajibu nini? Bibi Zaina alikuwa amekaa mbele, fimbo yake magotini, anatazama upande wa bonde. Daudi alikuwa amesimama nyuma kabisa.

Nikasimama. Nikashika bega la aliyekuwa karibu. Kile kigae nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la khanga tangu siku ile.

"Mwenyekiti," nikasema, "si mwiko. Ni mimi."

Nikawaeleza yote. Matako ya Jumatatu na mabega ya Alhamisi. Kwamba Bibi Zaina alinionya nikamjibu jeuri. Kwamba kuni alizileta Daudi kwa kuwa mimi nilimtuma, na akaulizwa mbele yangu nikanyamaza. Hapo nikalia mbele ya kijiji kizima, wala sikujifuta. Nikampelekea mwenyekiti kigae, nikamwonyesha ukingo. Akapitisha kidole.

"Ni laini," akasema.

"Ndiyo. Uliachia kwenye kiungo. Moto haukuwa na kosa, wala mume wangu."

"Kwa hiyo mkifanya kwa njia nyingine, haitapasuka?"

"Siwezi kukuapia kwamba haitapasuka," nikamwambia. "Ila haitapasuka hapa." Nikajishika kiuno. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yanatoka.

Mzee Yonathani akamgeukia Bibi Zaina. "Bibi, unasemaje?"

"Mtoto amekwisha sema," Bibi Zaina akajibu. "Mimi nina nini tena?"

Mwenyekiti akafunga daftari. Nayakumbuka maneno yake neno kwa neno, na nimeyatumia kwa watoto wangu wote. "Mwiko siwezi kuurekebisha," akasema. "Lakini kosa la mkono, mkono huo huo unaweza kulirekebisha. Mvua za vuli bado. Rudini kazini. Na mbuzi wa watu arudishwe kwao leo."

Mbuzi wetu alirudi amenenepa, ameshiba majani ya jirani, na hakuonekana kufurahi kutuona.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Mimi niliogopa kwamba kweli italiua bonde, kumbe uongo ndio uliokuwa unaliua. Angalau kosa lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuambiwa arudie. Ninyi mtakosea, vijana wangu, mtakosea sana kama kweli mna ubunifu mnaojisifia. Semeni upesi. Mimi nilichelewa siku sita, na siku hizo sita alizilipa mtu mwingine.

Basi tukarudia. Umoja hatukuuacha, maana wazo lenyewe halikuwa baya. Nililiweka mahali pasipo pake. Kuchimba tulichimba wote, kutwanga wote, kubeba maji na kuni wote, na wale wageni wa kazi wakakaa kila mmoja na fundi wake. Lakini mtungi mmoja, mikono ya mtu mmoja, kuanzia tako mpaka mdomo. Bibi Zaina nilimpigia magoti asubuhi ya kwanza. Aliniinua kwa kunivuta sikio, akasema, "Loweka udongo, acha sala." Akafinyanga miwili yeye mwenyewe, na nilimwekea mikeka miwili akalie.

Ikatoka mitungi isiyofanana hata kidogo. Huu mrefu, huu mnene, mwingine shingo nyembamba, mwingine umechorwa mistari na mwenye kuchora alikuwa amesahau kuiunganisha nyuma. Tuliikausha mpaka mashavu yetu yote yaliridhika. Siku ya kuchoma ilipofika kuni zilikuwa zimelowa vilevile, ukungu hauna adabu. Tukamwona Daudi juu njiani, kuni kavu begani, amesimama. Hakuna aliyemwita na yeye hakushuka. Wanawake wakanitazama mimi, na mimi sikujua la kufanya, kwa maana mwiko si wangu.

Bibi Zaina akainuka na fimbo yake. Akapanda ile njia, mtu asiyeweza kupanda, mpaka akamfikia.

"Shikamoo, bibi," Daudi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Teremsha kuni hapo chini, mitungi haina macho. Lakini usiuguse moto. Wanaume mna haraka na moto, ndiyo maana tuliwafukuza."

Akashuka naye, yeye mbele. Tukachoma, na mchana kutwa sikusikia pa hata moja. Tulipoitoa ikiwa bado ya moto tuliinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa, yale ya kuziba vitundu isivuje, ule mvuke ukatupanda usoni, wanawake wakapiga vigelegele mpaka walimu wakatoka madarasani. Mzee Yonathani alikuja akaijaza maji, akaiacha usiku mmoja juu ya majivu makavu, asubuhi akapapasa majivu. Makavu. Alinung'unika kidogo kwamba haifanani, kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba bonde ni la ufinyanzi. Mpaka leo ni la ufinyanzi. Udongo mtakaoutia kwenye ndoo zenu mtauchukua humo.

Ninawashukuru wengi. Bibi Zaina, aliyeniacha nikosee ingawa angeweza kunizuia kwa neno moja. Mzee Yonathani, aliyekuwa na haraka na bado akangoja. Wale wanawake walionicheka kwa mwezi mmoja tu, wakati nilistahili mwaka. Lakini shukrani ya Daudi sijui niiweke wapi, na yeye amelala pale nyuma ya migomba mwaka wa tisa sasa.

Siku ya kuipeleka mitungi shuleni tulipanga mstari, kila mmoja na wake kichwani. Daudi alitembea kando yangu. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye kwaya. Nilikuwa sijathubutu kumuuliza siku zote hizo, na pale njiani, sijui ni kwa sababu mtungi kichwani haukuniruhusu kugeuza uso, nikamuuliza.

"Baba Ruthi, siku ile wale walipokuuliza nani kakutuma. Kwa nini hukusema?"

Akatembea hatua chache.

"Lilikuwa neno lako," akasema. "Nilijua utalisema. Nikawa nakungoja."

"Na kama nisingelisema?"

"Ningekuwa bado nangoja."

Nikaomba anisaidie kutua mtungi. Tukauweka kwenye nyasi, wenzetu wakatupita, nikakaa kando yake nikalia mpaka nikamaliza. Hakunihimiza. Kisha akauinua, akanitwika, tukaenda.